Kingi Tatu Mbele ya Mkwe

Mzee Simbeye tulimzika Jumamosi iliyopita, na nilikuwa miongoni mwa walioshika koleo, ingawa hakuna aliyenipa kazi hiyo. Vijana waliokuwa wanafukia walinipisha wakidhani mimi ni ndugu wa mbali kutoka upande wa Zambia. Sikuwa ndugu. Kwa miezi saba hivi, mwaka mmoja wa ujana wangu, nilikuwa mkwe wake mtarajiwa, na kwa mchana mmoja tu nilikaa naye meza moja tukicheza karata. Watu wa rika langu hapa Tunduma bado wananikumbusha mchana ule wakitaka kunitania. Tunakutana benki, tumevaa miwani sote, na mtu ananiita kwa sauti mbele ya wajukuu zake: "Simwinga, habari za kingi tatu?" Nami hucheka, maana nisipocheka wataendelea.

Mwaka ninaousema ulikuwa katikati ya miaka ya tisini, biashara ikiwa imefunguliwa na kila mwenye lori, au anayemjua mwenye lori, anaelekea mpakani. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, karani wa wakala wa forodha, kazi yangu kujaza fomu za mizigo inayokwenda Zambia na Kongo na kukimbia nazo kutoka dirisha hili hadi lile. Nilipanga chumba cha nyuma katika nyumba ya wageni ya Mama Eliza. Kilikuwa na kitanda, msumari wa kutundikia shati, na dirisha lililotazama ukuta wa jirani, karibu kiasi kwamba ningeweza kuugusa bila kuinuka. Vyumba vilitenganishwa kwa mbao nyembamba, kwa hiyo nilijua dereva gani anakoroma, yupi ana mke Makambako na mwingine Kapiri, na yupi husali kwa Kinyakyusa kila jioni akiomba gari lisimharibikie njiani. Mwezi wa pili, mvua zikiwa zimeshika kweli, ikaja amri kwamba mahindi hayavuki. Malori ya mahindi ndiyo yaliyokuwa mbele. Nyuma yao yakajipanga ya saruji, ya sabuni, ya mitumba, na kwa kuwa barabara ilikuwa moja na pembeni ni matope matupu, lori likishaingia foleni halikuweza kugeuza. Wiki ya kwanza watu walilalamika. Ya pili walipigana ngumi juu ya ndoo ya maji ya kuoga. Ya tatu walinyamaza, wakawa wanakaa tu kwenye ukumbi wa chakula wakitazama mvua, na huo ukimya ndio uliomtisha Mama Eliza.

Mimi nilikuwa nimekwama kwa namna yangu. Nilikuwa nimemchumbia Esta Nambeye, binti wa Mzee Simbeye, maana kwetu Wanamwanga jina la ukoo huanza na Si kwa mwanamume na Na kwa mwanamke. Nilimfahamu alipokuwa anajifunza kushona Mbozi Mission na kuja mpakani kununua nyuzi. Tulikuwa tumezungumza mara sita tu, na zote sita nazikumbuka. Mahari nilikuwa nimeitoa yote isipokuwa baiskeli. Baba yake alitaka baiskeli mpya, si ya kufufua, na ifike kabla ya mavuno, kwa sababu kulikuwa na mtu mwingine, mnunuzi wa dhahabu wa Saza, aliyekwisha kutuma ujumbe kwamba yeye baiskeli anayo hata kesho. Malori yasipovuka, karani halipwi. Nilikuwa naamka asubuhi, navaa shati, nakwenda ofisini kutazama fomu zisizo na kazi, narudi kula ugali na kapenta, wale dagaa wa Zambia, nalala nikiutazama ukuta wa jirani. Kila siku iliyopita ilikuwa ya yule wa Saza.

Basi palikuwa na mfanyabiashara mmoja aliyekwama na lori zima la baiskeli za kupeleka Kasama. Alipochoka kuona watu wanakaa tu wakitazama mvua, akashusha moja, ikiwa bado imefungwa makaratasi kwenye fremu, akaiegemeza ukutani pale ukumbini na kusema itakuwa ya atakayeshinda mashindano ya karata. Sisi tulizoea arubastini na lasti kadi, michezo ya kupotezea saa moja. Mchezo wa mashindano aliuleta Ba Mulenga, dereva wa Kitwe, mtu mnene, mpole, mwenye kaunda suti moja ya kijivu aliyoifua kila Jumatano na kushinda siku hiyo amejifunga shuka. Uliitwa karata saba. Unapewa karata mbili za kuficha na moja ya wazi. Halafu tatu nyingine za wazi, moja baada ya moja. Na ya saba ya kuficha. Kila karata ikishuka unaweka dau au unajitoa, na mwishoni mkono mkubwa zaidi, yaani wenye karata nyingi zinazofanana, ndio unaokomba kila kitu. Dau letu lilikuwa punje za buni, maana Mama Eliza aliapa kwamba kamari ya pesa haitachezwa chini ya bati lake. Aliyeishiwa punje alitoka mashindanoni. Tulianza watu thelathini na kitu, tukicheza kila mchana, na Ba Mulenga hakushindana, yeye aligawa na kuamua ugomvi. Alinipenda kwa sababu nilimwandikia fomu zake bila kumzungusha. "Ba Simwinga," aliniambia siku moja tukila chikanda, ile mboga ya mizizi inayokatwa kama keki, "mkono mnene ukikujia mwanzoni, na watu wamebaki wachache, usiwe na kiherehere, mukwai. Ukipiga kelele watakimbia. Weka kidogo kidogo, mwache mwenzako aje mwenyewe."

Sikujua kwamba Mzee Simbeye naye anacheza mpaka siku ya tatu. Alikuwa amekwama na mahindi aliyoyanunua Igamba, yakiloa juu ya lori la kukodi, na mtu wa kanisa kama yeye sikutegemea kumwona na karata mkononi. Nilipomwona niliruka nje kupitia jikoni kama mwizi. Lazima nieleze. Kwetu, kijana aliyepeleka posa hawi mkwe kamili mpaka siku atakapoingizwa, yaani wakwe wampikie, wamwimbie na kumkaribisha rasmi. Kabla ya hapo hali mbele yao, hasemi nao ana kwa ana, wala hawatazami usoni. Ukimwona baba mkwe njiani unaingia majanini mpaka apite. Mkilazimika kuwa mahali pamoja, mtu wa tatu anapokea maneno yako na kuyafikisha, hata kama umbali kati yenu ni wa kupitisha chumvi. Vijana wa leo, wanaopiga selfi na wakwe zao, nikiwasimulia hunitazama kama niliyechanganyikiwa. Kwa siku nne nilihakikisha nacheza meza ya mbali, nimempa mgongo. Lakini punje za wengine zilikuwa zinakwisha, na meza zikawa zinapungua, tatu, mbili, na Alhamisi ya mwisho ikabaki moja yenye watu wanne: fundi matairi, dereva wa Makambako tuliyemwita Kipara, Mzee Simbeye, na mimi.

Nilisimama mlangoni na kumwambia Ba Mulenga kwa sauti ya chini kwamba najitoa. Mama Eliza, aliyekuwa anafuta meza, alinisikia. "Si unataka kuoa wewe?" alisema, bila kupunguza sauti hata kidogo. "Baiskeli ile pale. Kaa." Ukumbi mzima ulicheka, isipokuwa Ba Mulenga, ambaye kwao mila hizo ni zilezile na alijua jasho lililokuwa linanitoka. Ndipo Mzee Simbeye akakohoa na kumwambia Ba Mulenga, huku macho yake, nadhani, yakiwa kwangu: "Mwambie kijana akae. Hapa si kwangu. Hapa ni mezani." Maneno hayo nimeyageuza kichwani kwa miaka mingi. Mzee alikuwa amenifungulia mlango waziwazi, nami niliyasikia, nikakaa, lakini sikuyaamini. Nilikaa upande kwenye benchi, nikainamisha kichwa, nikaanza kutazama kitambaa cha plastiki cha mezani, chenye picha za mananasi.

Hebu fikiria unacheza mchezo unaotegemea kumsoma mwenzako usoni, na uso wa mwenzako huruhusiwi kuutazama. Yeye alinitazama apendavyo. Mimi niliona mikono yake tu: mikono mikubwa, kucha za mkulima, kidole cha shahada cha kushoto kimepinda kwa jeraha la zamani. Nikitaka kuongeza dau nilisema, "Ba Mulenga, mwambie mzee naongeza mbili." Ba Mulenga aligeuka, mzee akiwa hatua moja tu kutoka kwangu, akasema kwa heshima zote, "Mzee, kijana anasema anaongeza mbili." Naye mzee: "Mwambie nimesikia." Madereva waliokuwa wamezunguka meza walikufa kwa kicheko. Fundi matairi alitoka mapema. Kipara alitoka baada yake, kwa hasira, akisema hawezi kushindana na watu wanaoongea kwa mkalimani na wote ni Wanamwanga. Hakwenda mbali, alisimama nyuma yangu. Tukabaki wawili, punje zetu karibu sawa, na baiskeli ukutani.

Ba Mulenga akagawa. Niliinua pembe za zile mbili za kuficha: kingi ya pao, kingi ya uru. Ya wazi, mbele ya macho ya kila mtu, ilikuwa kingi ya kopa. Kingi tatu kutoka mwanzoni! Nilikuwa nimecheza siku nane bila kuona mkono wa kuanzia kama ule, na sijauona tena hadi leo. Nikakumbuka nilichofundishwa, nikaweka punje moja tu, kama mtu asiye na kitu. Mzee, mwenye kumi ya shupaza wazi, akaweka moja. Ikashuka ya nne: kwangu saba, kwake kumi nyingine. Mikono yake ikasukuma punje tano. Nikafuata polepole. Ya tano ilikuwa mbili kwangu na nne kwake, akaweka kumi. Nikavuta pumzi kama mwenye mashaka, nikafuata. Ya sita ikanipa saba ya pili. Kingi tatu na saba mbili. Ba Mulenga mkono huo aliuita nyumba, na ni mikono michache mno inayoushinda. Kwake ikashuka nne nyingine. Wote tuliona kumi mbili na nne mbili mbele yake, na nilisikia kwenye pumzi yake kwamba anaamini amefika. Nilikuwa namtega baba wa Esta, na alikuwa anakuja mwenyewe, kidogo kidogo, kama nilivyoelekezwa.

Karata ya saba iliposhuka, hakuichungulia hata kwa sekunde mbili. Mikono ile miwili ilikusanya kila punje iliyobaki upande wake na kuisukuma katikati. "Mwambie kijana," alisema, "zote." Mikono ilikuwa inatetemeka. Kama ningeweza kuinua macho ningejua ni tetemeko la furaha ya mtu aliyesahau kwa dakika moja mahindi yake yanayooza barabarani. Lakini niliona mikono tu, nikaona mzee anayetetemeka, na nyuma yake viatu vya madereva na matandiboi wanaosubiri kumcheka. Nilikuwa nimebanwa kweli. Nikifuata, nimemvua nguo baba mkwe mbele ya watu, na ni nani atakayempa binti yake mtu wa namna hiyo? Nikijitoa, nimepoteza baiskeli. Hapo ndipo likanijia wazo ambalo wakati ule nililiona la akili kuliko yote niliyowahi kuyapata. Baiskeli ninaitaka ya nini? Nimpelekee Mzee Simbeye. Akishinda yeye, si imefika palepale? Nyumba moja, ukuta mmoja. Atakuwa nayo, ataona kijana amemstahi, na mambo yamekwisha. Nilihisi mtu amenifungulia dirisha. Nikazigeuza karata zangu zote kifudifudi, nikasema, "Ba Mulenga, mwambie mzee ameshinda. Mimi najitoa."

Huenda ningepona. Mkono uliojitoa haufunuliwi, hiyo ilikuwa sheria ya Ba Mulenga. Lakini Kipara alikuwa nyuma yangu tangu mwanzo wa mkono ule na alikuwa ameona pembe za karata zangu nilipozichungulia. Alinyoosha mkono juu ya bega langu na kuzifunua zote juu ya yale mananasi. "Jamani!" alipiga kelele. "Jamani, oneni! Kingi tatu! Ameitupa nyumba! Amemhurumia mzee!" Kicheko kilichofuata sijawahi kusikia mfano wake, watu walishikana mabega. Mtu mmoja alisema kwa nguvu, "Baba mkwe amepewa sadaka!" Mzee alizigusa kingi zangu moja moja kwa kidole chake kilichopinda. Kisha, kwa sauti ya kawaida kabisa, akamwambia Ba Mulenga: "Muulize, aliogopa nini?" Ba Mulenga akanigeukia, na uso wake, huo niliweza kuutazama, ulikuwa wa huzuni. Nikajibu, "Mwambie sikuogopa. Nilimheshimu." "Mwambie," alisema Mzee Simbeye, "heshima sikuiomba. Nilikaa hapa kucheza." Mikono ikaondoka mezani. Nilisikia benchi likisogea, halafu mvua, halafu mlango. Baiskeli hakuigusa, na mimi niliyejitoa sikuwa na haki nayo. Ilibaki ukutani hadi mpaka ulipofunguliwa na mwenyewe akasahau kuidai, na Mama Eliza akaitumia miaka mingi kubebea madumu ya maji. Siku tatu baadaye mshenga wangu alirudi na mahari yote, pungufu ya mbuzi mmoja aliyekufa, na ujumbe kwamba posa imeisha. Kabla ya mavuno Esta aliolewa Saza.

Kwa karibu miaka thelathini nimeibeba hadithi hii hivyo: mzee aliaibika, akanikataa, mwisho. Nilimkasirikia, kisha nikajikasirikia, kisha nikaoa na kuzeeka, na hasira ikabaki kidogo tu, ya kutosha kunipeleka kwenye koleo. Baada ya mazishi, wanaume tulikuwa tumekaa chini ya turubai, na mwanamke mmoja akapita na jagi na beseni akitunawisha mikono. Alipofika kwangu alisimama. Nilimtambua kwa namna alivyoinamisha shingo. Amenenepa, ana wajukuu tisa, mumewe alifariki na, kwa maneno yake mwenyewe, hakuwa mtu mbaya. Alinimwagia maji, akanimwagia tena mikono ikiwa imeshatakata.

"Baba alikusema kabla hajafa," aliniambia.

"Alisema nini?"

"Hakukutukana. Aliuliza kama bado unacheza." Aliweka beseni chini, akakaa kwenye ukingo wa benchi. "Unajua siku ile aliporudi aliniuliza?"

Nilimwambia sijui. Nilidhani aliporudi alikuwa ameshaamua.

"Alimtuma shangazi kwanza, kama desturi. Shangazi akaniuliza kama nakutaka, nikanyamaza, kama tulivyofundishwa. Akaenda kumwambia, amekubali huyo, amenyamaza. Baba akasema hapana, leo nimechoka na watu wa kuinamisha vichwa. Akaja mwenyewe mpaka mlango wa jikoni. Hajawahi kufanya hivyo maishani mwake. Akasema, 'Esta, yule karani unamtaka? Sema kwa mdomo wako, nisikie, nami nitampa bila baiskeli.'"

"Bila baiskeli?"

"Bila baiskeli."

Chini ya turubai kwaya ilikuwa inaanza tena. Nilimtazama usoni, naye akanitazama, wazee wawili tusio na wa kutuzuia.

"Ukamjibuje?"

"Ningemjibuje, baba Simwinga? Baba yangu mzazi, ananiuliza habari za mwanamume. Nilikuwa na ufagio mkononi. Nikainama nikaendelea kufagia. Naye akasimama palepale, akisubiri. Nilifagia jiko zima nikafika mwisho, nikaona miguu yake bado iko mlangoni, nikaanza upya."